Bajeti ya Kebo na Nyongeza ya Juba

Nianze na chumba chenyewe, maana watu wakisikia "kituo cha data" hudhani ni jumba la vioo. Chetu kilikuwa chumba kimoja tu mjini Juba, mtaa wa Buluk, nyuma ya ofisi za benki niliyoifanyia kazi. Zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Viti vikatolewa, kuta zikapakwa rangi nyeupe, mlango wa chuma ukawekwa, na viyoyozi viwili vikaanza kunguruma kabla hakujawa na kitu chochote cha kupoza. Nilipenda kusimama humo peke yangu asubuhi. Mimi ni mtu wa kelele, kila aliyefanya kazi nami atakuambia hivyo, lakini chumba ambacho bado hakijapitishwa waya hata mmoja hunituliza roho. Hakuna aliyekiharibu bado.

Kazi niliyopewa ilikuwa kupanga bajeti ya kebo za mtandao. Asiyeijua kazi hii hufikiri unachukua waya, unaunganisha mashine hii na ile, umemaliza. Ndivyo wengi wanavyofanya, na ndiyo maana ukifungua kabati la mtandao katika ofisi nyingi unakutana na matumbo ya mbuzi. Kebo zilizopangwa ni jambo jingine. Kila moja ina njia yake: inapanda kutoka kwenye raki, lile fremu la chuma la kupangia mashine, inalala kwenye trei karibu na dari, inashuka kwenye raki nyingine na kuishia kwenye paneli yenye namba. Mwisho huu una lebo na mwisho ule una lebo ileile. Mgeni akiingia miaka mingi baadaye, hana haja ya kumuuliza mtu. Kwa hiyo bajeti yake si bei ya waya tu. Ni trei, vyuma vya kushikilia trei, paneli, lebo, mashine ya kupima kila kebo baada ya kufungwa, mafundi, lori na ushuru.

Makao makuu ya benki yalikuwa Nairobi, na wakubwa wa huko walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka seva zihamie Juba, karibu na wateja. Wengine waliona afadhali zibaki Nairobi, Juba ipate huduma kwa mbali. Wakakubaliana kwamba bajeti ndiyo itakayoamua. Ikiwa ya kubebeka, seva zingekuja Juba na mimi ningebaki kuzitunza. Ikiwashtua, seva zingebaki Nairobi na mimi ningezifuata.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa. Mume wangu ni mtu wa Juba aliyelelewa Nakuru. Tulikutana huko, tukafunga ndoa kanisani hukohuko, kisha yeye akarudi kwao kufungua karakana ya milango na madirisha ya chuma pale Hai Mauna. Mimi nikabaki Nairobi na kazi yangu. Kwa miaka mingi tukawa tunaonana Krismasi na Pasaka, na katikati ni simu. Nilipopata mkataba huu wa Juba, mkataba mfupi wa kupanga chumba tu, tulihamia pamoja kwenye nyumba aliyoijenga New Site, vyumba viwili na uwanja wa mchanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba mume wangu anakoroma. Nilifurahi hata kwa kukoroma huko. Nilikuwa nimechoka kuolewa kwa simu. Wakenya wenzangu wengi pale Juba huhesabu siku za kurudi nyumbani, na nikiwaambia nataka kubaki walikuwa wakinitazama kama mgonjwa wa malaria anayepayuka.

Bajeti hiyo niliianza kwa furaha. Nilikuwa na watu wawili wa kunisaidia. Wa kwanza alikuwa fundi mkuu, Mganda wa makamo mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia shingoni kwa uzi, ambaye amefunga mitandao ya hoteli na ofisi nyingi mjini. Yeye alipaswa kuniletea mita za kebo na siku za kazi. Wa pili alikuwa dada wa manunuzi, Mkenya mwenzangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuagiza vifaa Nairobi na kuhakikisha vinavuka mpaka wa Nimule na kutufikia vikiwa vizima. Yeye alipaswa kuniletea bei na usafiri. Wakaniletea. Nikaingiza yote kwenye kompyuta, nikaongeza na yangu, nikabonyeza jumla. Nilidhani nimekosea kitufe. Nikabonyeza tena. Ilikuwa pesa ya kuweka kebo katika vyumba viwili kama kile, na chenji ya kununua gari.

Jioni ile nilikwenda na ile bajeti nyumbani. Mume wangu alikuwa ameketi barazani na singlendi yake yenye matundu ya cheche za kuchomelea. Akazisoma karatasi moja moja, akaanza kucheka.

"Hebu niambie, mama, mnafunga mtandao chumbani ama mnazungushia Juba yote ua?"

"Usinicheke. Nimechoka."

"Sicheki. Na hivi vyuma vya kushikilia trei, mnaviagiza Nairobi? Si ndivyo tunachomelea kila siku Hai Mauna?"

"Karakana yako sitaki kuiona karibu na bajeti yangu. Watu watasema."

"Nani amesema yangu? Nenda kwa jirani yangu wa mlango wa pili. Yule ananiibia wateja kila wiki, lakini kuchomelea anajua. Shida yangu na yeye si kazi yake."

Nikacheka bila kutaka. Lakini nilipokwenda kulala usingizi haukuja haraka, kwa sababu nilijua karatasi zile zikifika Nairobi kama zilivyo, nitakuwa ndani ya ndege kabla ya mvua kuanza.

Asubuhi yake nikamwita fundi chumbani na futi ya kupimia. Nikamwambia tupime upya, mimi na yeye. Na tukapima vizuri kabisa. Hakupima moja kwa moja kutoka raki hadi raki kama wanavyofanya wanaojifunza. Alipanda ngazi hadi usawa wa trei, akafuata ukuta, akazunguka kona, akashuka, akaacha na mkunjo wa akiba kila mwisho. Niliandika kila alichokisema. Tulipomaliza nikajumlisha, kisha nikaiweka ile karatasi yake ya kwanza kando. Ilikuwa karibu mara mbili.

Nikamwekea hesabu zote mbili mbele ya macho. "Fundi, hapa tumepata hii. Kwenye karatasi yako umeandika hii. Hizi kebo nyingine zinakwenda wapi? Kwenu?"

Akavua miwani akaiacha ining'inie. "Madam, usikasirike. Mimi iko napima vizuri. Umeona. Lakini hii ni Juba."

"Juba imefanya nini?"

"Mimi naandika mita mia, watu ya ofisi iko nakata. Nabaki sabini. Kebo nafika fupi, nani iko nalaumiwa? Fundi. Sasa mimi naongeza ya Juba kidogo."

"Hii ni kidogo?"

"Kidogo ya Juba, madam," akasema, na wala hakuona aibu.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa dada wa manunuzi. Alikuwa kwenye simu akigombana na mtu wa malori. Nikamsubiri amalize, nikamuuliza kama na yeye ameongeza chochote kwenye usafiri.

"Aki si lazima?" akasema. "Mvua ikinyesha lori linalala njiani, dereva anadai pesa ya kulala, anadai ya chakula. Nikiandika bei ya kweli, finance wanaikata, halafu mzigo unakwama mpakani na mimi ndiye ninapigiwa simu. So nimeweka ya Juba. Na usisahau, muuzaji wa Nairobi akisikia tu mzigo ni wa Juba, ashaongeza yake."

"Na bei yake umeiongeza juu?"

"Juu ya yake, ndiyo." Akanitazama. "Kwani wewe hukuongeza?"

Nilikuwa nimeongeza. Baada ya kujumlisha ya fundi na ya dada, nilikuwa nimeongeza robo nzima juu ya yote, kimyakimya, na nilipokuwa nikiiongeza nilijiona mtu mwenye busara. Kwa hiyo kebo moja ilikuwa imevaa makoti manne katika joto lile. Hakuna aliyeiba hata senti. Hakuna aliyeiandika nyongeza hiyo mahali popote. Kila mmoja aliimeza ndani ya bei yake, akiamini ni yeye peke yake aliyefikiria jambo hilo. Wageni wote tunaofanya kazi Juba tunaijua nyongeza ya Juba, tunafundishana wiki ya kwanza, na sijui ilikuwaje sikuwahi kufikiri kwamba na jirani yangu anaiweka.

Nikaamua tuivue pamoja, na nikajua mahali pa kuivulia. Katika mji ule ofisi hazili asubuhi na mapema. Saa nne au saa tano kazi husimama, watu hunawa mikono na kuzunguka sinia moja. Hiyo ndiyo fatur. Wiki zangu za kwanza nilikuwa nakula mkate wangu mezani kwa mtindo wa Nairobi, jicho kwenye kompyuta, na watu walinionea huruma kama yatima. Sasa nisingeikosa kwa lolote. Siku ile nikaagiza mimi: bakuli kubwa la ful, yale maharage yaliyopondwa na kumwagiwa mafuta ya ufuta, vitunguu na jibini juu, mikate ya moto, na chai ya tangawizi kutoka kwa mama anayepika nje ya geti. Tukaketi watatu kwenye ile stoo ya zamani, juu ya maboksi, kwa sababu ndipo penye ubaridi. Mlango tukauacha wazi.

"Sheria ni moja," nikawaambia. "Kila anayechovya anasema ameongeza wapi na kiasi gani. Asiyesema hachovyi."

Fundi ndiye aliyekuwa na njaa kuliko sote. Akamwaga mtama: kebo, siku za kazi, na hata lebo, ingawa lebo ni karatasi tu. "Hata lebo?" dada akapiga kelele. "Lebo nayo inapigwa mvua Nimule?" Zamu yake ilipofika akakiri kwamba ameweka pesa ya kulala dereva kwa safari ya kuja na ya kurudi, wakati lori linarudi tupu na dereva ana haraka ya kumuona mkewe. Nikachovya mimi, nikasema robo yangu. Fundi akanitazama juu ya miwani. "Madam, na wewe?" Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Neno "Juba, Juba" lilikuwa likiruka chumbani kama mpira.

Ndipo mkuu wa fedha akapita mlangoni.

Huyu alikuwa mzee wa Juba aliyekulia Kitale wakati wa vita, mrefu, mkimya, na kalamu nyekundu mfukoni mwa shati siku zote. Bajeti yoyote ya Juba ilipita kwake kabla ya kwenda Nairobi, na yeye ndiye aliyeisimamia mbele ya kamati ya wakubwa wa huko. Alijulikana kwa jambo moja. Hakuuliza, hakubishana, alikata theluthi. Watu walisema aliwahi kukata theluthi ya bajeti ya majani ya chai. Tulipomuona, dada alisahau kutafuna mkate uliomjaa mdomoni.

Na hapo ulimi wa fundi ukamtangulia. "Tafadal, mzee!"

Inabidi nieleze. Pale Juba huwezi kumwacha mtu apite chakula kikiwa mbele yako. Unamwita, hata kama ni adui yako, na yeye anaweka mkono kifuani, anashukuru na kwenda zake. Ni adabu ya pande zote mbili na haimgharimu mtu. Fundi hakufikiri, mdomo ulisema wenyewe. Lakini mzee hakuweka mkono kifuani. Alikwenda akanawa, akarudi akivuta boksi kwa mguu, akaketi, akamega mkate.

"Shukran," akasema. "Nimesikia Juba, Juba, tangu kwenye korido. Endeleeni."

Hakuna aliyeendelea.  Nilitaka ardhi inimeze, na nilimkasirikia fundi kwa adabu zake nzuri. Lakini mzee alikuwa anatafuna polepole akisubiri, na mimi kunyamaza siwezi. Nikamwambia yote. Nikamwambia kila mmoja aliongeza nini na kwa nini, na kwamba mwisho wa safari kebo ilikuwa na makoti manne.

"Matano," akasema mzee.

Tukamtazama.

"Mnajua kwa nini nakata theluthi? Kwa sababu najua mmeongeza. Sijui ni wapi, nitajuaje? Nakata popote. Halafu kabla ya kutuma Nairobi naongeza yangu kidogo." Akachovya. "Kwa sababu Nairobi nao wanakata."

Dada alipaliwa na chai, ikabidi fundi ampige mgongoni. Mzee mwenyewe akacheka, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, na meno yake yalikuwa mazuri. Alipomaliza kucheka akafuta mikono na sauti yake ikabadilika.

"Nileteeni bajeti isiyo na Juba hata moja. Sitakata hata dola. Nitaibeba mbele ya kamati kama ilivyo. Lakini nikikuta Juba moja imejificha mahali, narudisha zote, na Nairobi waamue wanavyotaka. Basi, kalas."

Akaondoka. Fundi akabaki ameshika kipande cha mkate. "Madam," akasema, "kebo ikiisha katikati?"

Hilo lilinitia hofu hata mimi. Kuvua makoti ni rahisi ukiwa umeshiba. Ukirudi kwenye meza unaanza kukumbuka kila barabara iliyowahi kuharibika. Tulibishana siku kadhaa. Fundi alitetea kila mita kana kwamba ni mwanawe, dada alinikumbusha kila lori lililowahi kulala. Mwishowe tukakubaliana kuandika mstari mmoja wazi, mbele ya macho ya kila mtu, tukauita dharura. Lori likilala, pesa inatoka hapo. Kebo ikiharibika wakati wa kuvuta, inatoka hapo. Isipotumika, inarudi benki. Mistari mingine yote ikabaki na bei yake ya kweli. Dada akampigia muuzaji wa Nairobi, akamwambia tunajua ameweka ya Juba na tunaomba bei ya mteja wa kawaida. Muuzaji akaapa kwamba hajaweka, kisha akateremsha.

Vyuma vya trei nikavipeleka Hai Mauna, kwa yule jirani wa mume wangu. Nilipojitambulisha aliinua kinyago chake cha kuchomelea, akanitazama vizuri.

"Mke wa huyu wa mlango wa pili?"

"Ndiye."

"Na yeye mwenyewe amekuleta kwangu?"

"Ndiyo."

Akacheka kwa nguvu ili wa mlango wa pili asikie. "Basi leo nakupa bei ya ukweli, akasirike vizuri." Ilikuwa chini ya nusu ya bei ya kuviagiza. Mume wangu hakukasirika. Alijidai kwa wiki nzima.

Siku ya kuipeleka bajeti kwa mzee nilivaa suruali yangu nzuri. Karatasi zilikuwa chache kuliko zamani na nilizijua zote kwa moyo. Alizisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi. Aliuliza kwa nini mashine ya kupima imekodiwa na si kununuliwa. Nikamjibu kwamba ni ghali na tutaihitaji kwa muda mfupi tu. Aliuliza kwa nini kebo za akiba zipo hata mahali ambapo hakuna mashine bado. Nikamwambia mashine zitakuja, na kurudi kuvuta kebo moja baadaye ni ghali kuliko kuivuta leo pamoja na nyingine. Akatikisa kichwa kukubali. Kalamu haikugusa karatasi.

Akafika ukurasa wa mwisho. Huo ulikuwa ukurasa unaotoka makao makuu, ambao kila mhandisi aliyetumwa nje hujaza: malazi, posho ya kuwa mbali na nyumbani, tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi kazi ikiisha. Nilikuwa nimeujaza kama wote tunavyoujaza. Akausoma mara mbili.

"Unalala wapi wewe?" akauliza.

"New Site, mzee."

"Kwa nani?"

"Nyumbani. Kwetu."

"Na hii nyumba ya wageni ni ya nani?"

Nikasema ni utaratibu, kwamba sote tuliotumwa kutoka Nairobi tunajaza hivyo. Sauti yangu niliisikia ikipungua.

"Na tiketi?"

 Akaigeuza karatasi ikanielekea. "Ukurasa huu ndio unaowatisha Nairobi kuliko kebo zote. Mhandisi wa kuletwa, wa kulazwa, wa kurudishwa, mwaka nenda mwaka rudi. Nimeongea nao. Wakipata mhandisi wa mkataba wa hapa, mtu anayeishi hapa, hawana neno. Lakini mkataba wa hapa hauna malazi, hauna posho, hauna tiketi." Akaweka kalamu nyekundu juu ya karatasi. "Hii ni Juba yako, binti yangu. Nilisema nikiikuta narudisha zote. Kwa hiyo sijaiona bado. Nakwenda kunywa maji."

Akatoka kweli, akaniacha.

Nilikasirika kwanza. Nani alimpa ruhusa ya kuingia ndani ya ndoa yangu na kalamu yake? Kisha hasira ikaisha, nikabaki na ukweli, nao ulinichoma. Posho ningeisahau. Ile tiketi ndiyo ilikuwa ngumu. Nilimwambia kila mtu nataka kubaki, nilimwambia Mungu, nilimwambia mume wangu, na bado nilikuwa nimejiwekea njia ya kutokea, kwa sababu niliogopa. Niliogopa mji ukigeuka, niliogopa sisi wawili tukizoeana sana tutachokana, niliogopa kujikuta sina pa kurudi. Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka herufi zikaanza kucheza. Halafu nikachukua kalamu nikaufuta ukurasa mzima, mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini. Nikatia sahihi pembeni. Mzee aliporudi alitazama, akafuta mdomo kwa leso, akasema, "Tamam," kama mtu aliyeletewa risiti ya petroli.

Kamati ilikutana kwa video. Mtandao wa Juba siku ile ulituonyesha maana halisi ya kuhitaji chumba chetu: mwenyekiti aliganda kwenye skrini akiwa amefungua mdomo, na kwa muda mrefu hatukujua kama anakubali au anapiga mwayo. Fundi na dada walikuwa wamesimama nyuma ya kiti changu, dada amenishika bega kwa kucha zake zote. Kisha sauti ikafika kabla ya picha. Walikuwa wamekubali, bila kukata. Dada alinibusu mashavuni. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza kama anaweza kuanza kesho.

Sikumpigia mume wangu simu. Nilipanda boda hadi Hai Mauna, nikamkuta ameinama juu ya geti la mtu, cheche zikiruka. Nikasimama mbali kidogo nikamwita kwa nguvu. Akazima, akainua kinyago.

"Imepita!" nikasema. "Na tiketi yangu ya kurudi nimeifuta."

Akanitazama, uso mweusi kwa moshi. "Kumbe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

 Aliiweka chini mashine ya kuchomelea taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali, akapangusa tena ingawa haikusafika. Nilidhani ameumia, na nilikuwa tayari kuomba msamaha. 

"Ukielekea nyumbani pitia sukari," akasema. "Nunua mfuko mzima. Mimi nimekuwa nikinunua robo robo, kwa sababu sikujua utaondoka lini."

Nikaenda nikanunua mfuko mzima, ule mkubwa wa kubebwa begani. Mwenye duka akaniuliza kama tuna harusi. Nikamwambia ndiyo.